Jengo la PC na Hazina ya Murumbi

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, makao ya utawala wa mkoa yalihamishwa kutoka Machakos, na haikuchukua miaka mingi Nairobi ikaipiku Mombasa kuwa makao makuu ya himaya ya Waingereza. Mji wa mabati ukaanza kuvaa mawe. Mwaka 1913 ikajengwa ofisi ya kushughulikia mambo ya "wenyeji", pale ambapo leo Barabara ya Kenyatta inakutana na Uhuru Highway. Ndiyo iliyokuja kuwa ofisi ya PC, yaani mkuu wa mkoa, na ndimo inamokaa leo Nairobi Gallery, makumbusho madogo ya sanaa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Walowezi walilipa jengo hilo jina la utani la mambo matatu: kuzaliwa, kuoana na kufa. Hayo ndiyo yaliyoandikishwa humo. Hapo hapo pia ndipo palipowekwa alama ya sifuri ya kupimia umbali kutoka Nairobi hadi kwingineko. Mtawala alitaka kujua watu ni wangapi na wako umbali gani. Walichonga nini, walisuka nini, walivaa shanga za rangi gani na kwa nini, hayo hayakuwa na daftari.

Mtu aliyejitwika kazi ya kuyatunza hayo alizaliwa miaka miwili kabla ya jengo lenyewe. Joseph Murumbi alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, baba mfanyabiashara Mgoa, mama Mmaasai. Alisomeshwa India, na angeweza kuishi maisha yake yote kama Mhindi katika nchi iliyowapanga watu kwa rangi, mwenye rangi fulani akipata zaidi ya mwenzake. Alichagua upande wa mama. Baada ya Jomo Kenyatta na wenzake kukamatwa mwezi Oktoba 1952, alishika ukatibu mkuu wa chama cha Kenya African Union (KAU), na mwaka uliofuata akatoka nchini kwenda kuitetea Kenya ng'ambo. Uhamisho wake uliishia London, akifanya kazi ya ukarani katika ubalozi wa Morocco huku akinunua vitabu na vitu vya Afrika. Huko pia ndiko alikokutana na Sheila, aliyekuja kuwa mkewe na mwenzake katika kukusanya.

Alirudi nyumbani mwaka 1962. Akawa waziri, akashika mambo ya nje, na mwezi Mei 1966 akawa makamu wa pili wa rais wa Kenya. Kabla mwaka haujaisha alijiuzulu. Rafiki yake, mwanasiasa Pio Gama Pinto, alikuwa ameuawa kwa risasi mwezi Februari 1965, na jeraha hilo halikupona. Wanasiasa wengi husoma maisha yake kama nafasi iliyopotea. Mimi naona kazi yake kubwa ilianzia hapo alipotoka serikalini.

Mwaka 1972, pamoja na mkewe na Mmarekani Alan Donovan, alianzisha African Heritage, nyumba ya sanaa mjini Nairobi iliyoleta kazi za bara zima. Nyumba nyingine ya sanaa, Paa ya Paa, ilikuwa imekwisha kuwafungulia wasanii wa Afrika Mashariki mlango tangu 1965. African Heritage iliupanua hadi Afrika Magharibi. Nyumbani kwake, mtaa wa Muthaiga, kulijaa nguo, vinyago, mapambo ya fedha na vitabu zaidi ya 50,000, maelfu yao vya kabla ya mwaka 1900. Alikusanya stempu pia, na hapo inafaa kutua kidogo. Stempu za kwanza za Kampuni ya Afrika Mashariki ya Waingereza, za mwaka 1890, zilikuwa stempu za Uingereza zenye kichwa cha Malkia Victoria, zikapigwa chapa ya jina la kampuni na bei kwa anna, sehemu ya rupia ya Kihindi. Malkia wa London, fedha ya India, ardhi ya Afrika: historia yetu nzima ya enzi ile katika kipande cha karatasi kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Murumbi alijua thamani ya vipande kama hivyo.

Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba na mkusanyiko, akikataa wanunuzi wa ng'ambo, kwa matumaini kwamba Muthaiga patakuwa taasisi ya masomo ya Kiafrika. Taasisi haikusimama. Nyumba ilibomolewa. Naliandika hili kwa uchungu, maana hakuna mkoloni wa kulaumiwa, tulifanya wenyewe. Murumbi alifariki mwezi Juni 1990, akazikwa City Park karibu na Pinto, kama alivyotaka. Vitabu na vitu vingi vilikwenda kwenye Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, katika jengo lililokuwa benki.

Ofisi ya PC nayo ilipitia mengi. Katika miaka ya 1980 utawala wa mkoa ulihamia Nyayo House, jirani yake, ghorofa ambalo vyumba vyake vya chini vilikuja kujulikana kwa mateso ya wapinzani wa serikali. Jengo la zamani lilinusurika. Lilikarabatiwa na kufunguliwa kama makumbusho mwaka 2005, na mwaka 2013 sehemu ya mkusanyiko wa Joseph na Sheila Murumbi ikapata makao humo. Donovan alikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo, na aliendelea kumpigania rafiki yake hadi kifo chake mwaka 2021.

Vyumba hivyo vichache si taasisi aliyoahidiwa Murumbi. Deni limelipwa nusu, tena kwa kuchelewa. Msomaji uliyeko Nairobi, nenda Moi Avenue uone vitabu, kisha panda kwa miguu hadi Nairobi Gallery, na umchukue mtoto wa shule pamoja nawe. Na wanaoshika bajeti ya utamaduni wamalizie nusu iliyobaki: wauunganishe mkusanyiko huo na kuupa nafasi unayostahili.