Nyarubanja: Mukama Alitawala kwa Idhini ya Nani?

Wanafunzi wa siasa hufundishwa kwamba wafalme wa China walitawala kwa idhini ya mbingu: mbingu ilimpa mfalme madaraka, na mbingu hiyohiyo ingeweza kumpokonya akiwatesa watu. Ni nadra kuulizwa swali hilo kuhusu Ihangiro, Kiziba au Kianja. Je, Mukama alitawala kwa idhini ya nani?

Kabla ya Emin Pasha kuanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, Buhaya ilikuwa na falme kadhaa. Ihangiro, ambayo leo imo Muleba, na Kianja zilitawaliwa na Wahinda, uzao wa Ruhinda. Kiziba ilitawaliwa na Wababito, wenye nasaba na Bunyoro. Mukama alisaidiwa na Katikiro, na ngazi za chini zilishikwa na wakuu hadi vijijini. Vijana wa rika moja walipelekwa ikulu katika omuteko, wakafundwa adabu, vita na utii. China iliwachuja watumishi kwa mtihani wa maandishi uliodumu hadi 1905; Buhaya iliwachuja kwa kuwatazama ikuluni. Kote kuwili, mtawala alijipatia watu wanaomtegemea yeye kuliko koo zao.

Watumishi hao walilipwa kwa ardhi. Kibanja cha migomba kilikuwa cha ukoo, na humo walizikwa wazee wao. Lakini Mukama aliweza kumpa ndugu au mtumishi wake nyarubanja, yaani eneo pamoja na watu wanaoishi humo. Mtu alilala akiwa mwenye kibanja, akaamka mpangaji anayedaiwa ndizi, pombe na kazi.

Hata hivyo, dhuluma hiyo ilikuwa na kikomo. Mukama katili alikimbiwa na watu wake wakahamia kwa jirani, na ufalme usio na watu si ufalme. Miguu ya raia ndiyo iliyokuwa mbingu ya Buhaya.

Ukoloni uliikata miguu hiyo. Kahigi wa Kianja alipanua himaya yake akiungwa mkono na Wajerumani. Kahawa ilipoanza kuleta fedha, nyarubanja ikawa mali yenye faida kubwa kuliko zamani. Kisha Waingereza, kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, wakawafanya wakama kuwa watumishi wa serikali. Tangu hapo aliyemshikilia Mukama kitini alikuwa mkuu wa wilaya, si raia. Utawala ulibaki na sura ya mila, lakini uwajibikaji wake ulikuwa umegeuka kutazama juu.

Tanganyika huru ilifuta uchifu mwaka 1963, na sheria ya 1965 ikawafungulia wapangaji wa nyarubanja njia ya kumiliki ardhi waliyoilima. Wanaotamani leo kurejeshwa kwa enzi za wakama wakumbuke kwamba wajukuu wa wapangaji hao wako hai.

Lakini kumwondoa Mukama si kuliondoa swali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kama mdhamini wa wanakijiji, na haigawi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mahali mkutano huo usipoitishwa, au ukiitishwa ili kupigia makofi yaliyokwisha kuamuliwa, nyarubanja imerudi kwa jina jingine. Mtumishi wa umma anayegawa ardhi hana budi kujiuliza kila siku: idhini yangu inatoka juu au chini?