Neno "Homa" na Pumzi ya Mtoto

Makandana ni sehemu ya mji wa Tukuyu, katika nchi ya Wanyakyusa, na hapo ndipo ilipo hospitali ya Wilaya ya Rungwe. Nchi hii ni ya milima na mvua nyingi, na mwezi wa Juni na Julai baridi yake ni kali. Mama apandaye kilima na mtoto mgongoni, akiulizwa mtoto ana nini, mara nyingi hujibu kwa neno moja tu: "Homa." Twataka kulitazama neno hilo, maana limewagharimu watoto wengi uhai wao.

Katika Kiswahili neno homa lina maana mbili: joto la mwili, na ugonjwa wenyewe. Twasema homa ya malaria, homa ya matumbo, homa ya mapafu. Kwa hiyo ni rahisi kudhani ya kuwa joto likishuka, ugonjwa nao umeondoka. Tena wazee wa pwani walimwona mtoto mwenye joto akikakamaa na kugeuza macho, wakaita jambo hilo degedege, wakisema ni pepo ajaye kwa sura ya ndege. Maumivu ya ubavu waliyaita kichomi. Yalikuwa majina mawili yenye dawa mbalimbali, hata pale ugonjwa ulipokuwa mmoja.

Wala kosa hili si la Waafrika peke yao. Huko Leipzig, mganga Carl Wunderlich alikusanya vipimo vya joto vya wagonjwa wapatao 25,000, na katika kitabu chake cha mwaka 1868 alionyesha ya kuwa homa ni dalili, si ugonjwa. Walakini watu waliendelea kuliandama joto. Mwaka 1899 aspirini ikapewa jina lake na kuanza kuuzwa, nayo wazazi wakawapa watoto. Mwaka 1963 mganga Reye wa Australia akaeleza ugonjwa mbaya wa ubongo na ini, na katika miaka ya 1980 ikadhihirika ya kuwa unafungamana na aspirini waliyopewa watoto wenye mafua au tetekuwanga. Ndiyo sababu siku hizi mtoto hupewa parasetamoli, kwa kadiri ya uzito wake.

Miaka hiyohiyo waganga wakaanza kutazama pumzi kuliko joto. Katika wilaya ya Bagamoyo wahudumu wa vijiji walifundishwa kuitambua nimonia na kuitibu, na taarifa ya Mtango na Neuvians ya mwaka 1986 ilieleza ya kuwa vifo vya watoto vilipungua. Kipimo chenyewe ni chepesi: mtoto akiwa ametulia, mbavu au tumbo lake hutazamwa kwa dakika moja nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hata 12, na 40 kwa wa mwaka 1 hata 5, ni ishara ya hatari.

Tena kwa muda mrefu kila homa ilitibiwa kama malaria, hata mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliposhauri damu ipimwe kwanza. Mtoto wa kichomi aliyepewa dawa ya malaria peke yake alikuwa bado hajatibiwa.

Basi yafaa nini nyumbani? Mtoto anyonyeshwe na kunyweshwa mara kwa mara, avikwe nguo nyepesi ijapokuwa nje kuna baridi, wala asimwagiwe maji baridi. Parasetamoli humpa raha, lakini haiponyi mapafu. Akipumua mbio, kifua kikibonyea chini ya mbavu, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege au akilegea, apelekwe hospitali upesi, hata kama joto limeshuka. Na mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa asingojwe kabisa.

Wazee wetu walishika paji la uso la mtoto, nao walifanya vema. Sisi tuongeze jambo moja: tufunue kifua, tuhesabu.