Batian (kilele)

Batian ni kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, mita 5,199 juu ya usawa wa bahari. Afrika nzima kinazidiwa na Kibo cha Kilimanjaro tu. Hakiko mpakani mwa nchi mbili kama Margherita ya Ruwenzori (m 5,109), inayogawanywa na Uganda na Kongo, lakini mlima wake umezungukwa na kaunti tano: Meru, Tharaka Nithi, Embu, Kirinyaga na Nyeri. Anayeutazama kutoka pande za Kanja, Embu, asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, huona kwanza Nelion (m 5,188), kilele pacha kilicho mbele ya Batian.

Jina

Waembu huuita mlima Kirinyaa, Wameru Kirimaara. Jina Batian, la Mbatian, laibon (kiongozi wa kidini) wa Wamaasai, lilitolewa na Mwingereza Halford Mackinder.

Umbo na barafu

Batian na Nelion ni kizibo cha mwamba mgumu kilichobaki baada ya volkeno kuzimika na kingo zake kumomonyoka. Ndiyo sababu kuta zake ni kali mno. Kati ya pacha hao kuna Lango la Ukungu, na chini yake barafuto ya Diamond. Mnamo 1899 mlima ulikuwa na barafuto 18. Ya Gregory imekwisha kutoweka, na ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, imekatika vipande.

Upandaji

Mackinder alifika kileleni tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na waongozaji César Ollier na Joseph Brocherel. Barafuto mbili zina majina ya waongozaji hao. Wapagazi Waswahili na Wakikuyu waliobeba mizigo ya msafara ramani haiwataji. Ilipita karibu miaka 30 kabla ya Eric Shipton na Percy Wyn-Harris kukipanda tena, Januari 1929, wakipitia Nelion. Mwaka 1973 Thumbi Mathenge na Phil Snyder walipanda mfereji mkali wa Diamond, njia ya barafu iliyosifika sana hadi barafu yenyewe ilipopungua. Kamba na ujuzi wa miamba havikwepeki hapa. Wageni wengi huishia Lenana (m 4,985), alikopandisha bendera Kisoi Munyao usiku wa uhuru, 1963. Uso wa kaskazini hupandwa Juni hadi Oktoba, wa kusini Desemba hadi Machi, kwa kufuata jua.

Maji

Mito Rupingazi na Thuci huanzia mlimani. Maji yake huishia Tana.

Hifadhi

Mlima ni hifadhi ya taifa tangu 1949; Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1997.