Bei Bila Siku ya Malipo: Historia ya Sera za Kumsaidia Mkulima

Ndugu mkulima,

Kila baada ya miaka michache serikali hutazama upya sera ya kilimo, na wakulima huombwa maoni. Kabla ya kusimama mkutanoni na kutoa lako, ni vizuri ujue yaliyokwisha kujaribiwa hapa Tanzania. Wahenga walisema, usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa.

Tuanzie Kilimanjaro. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao, na mwaka 1933 KNCU ikachukua nafasi yake. Kule Kanda ya Ziwa, wakulima wa pamba walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakaweka watu wao wa kuangalia upimaji, vyama vikaongezeka, na mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho moja kubwa la ushirika la Victoria. Vyama hivi vilipata nguvu kwa sababu mwenye pamba na mwenye kahawa ndiye aliyevitaka.

Baada ya uhuru, serikali ilitaka ushirika ufike kila mahali, hata pale ambapo wakulima walikuwa hawajauomba. Mwaka 1963 ikaundwa bodi ya taifa ya mazao. Mahindi yakatoka kwa mkulima kwenda chama cha msingi, kutoka hapo kwenda chama kikuu, halafu bodi. Kila mkono uliopokea ulikata gharama zake, na mkulima akapewa kilichobaki. Mwaka 1966 kamati ya Rais ilichunguza vyama hivi ikakuta uongozi mbovu, wizi, na wanachama wasiojua haki zao.

Ikaja Siasa ni Kilimo mwaka 1972, halafu ukame wa 1973 na 1974. Msimu wa 1974/75 Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilinunua mahindi yasiyofika tani 30,000 nchi nzima, na chakula kikaagizwa kwa wingi kutoka nje. Serikali ikachukua hatua. Ikapandisha bei za vyakula, ikaweka bei moja kwa nchi nzima, ikatoa ruzuku ya mbolea. Wakulima wa Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, ambao wako mbali na Dar es Salaam, sasa walipata bei ileile ya aliye karibu. Waliitikia. Msimu wa 1978/79 NMC ilinunua tani zipatazo 220,000. Hapa tunaona wazi kwamba mkulima si mvivu wala mbishi, bali msaada ukimfikia analima.

Sasa je, mbona mambo yaliharibika? Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na kazi yao wakapewa mashirika ya umma. Malori yakachelewa, magunia yakakaa vituoni, na fedha zikachelewa kuliko malori. Bei iliyotangazwa ilikuwa nzuri redioni, lakini bidhaa dukani zilipanda haraka kuliko hiyo bei. Ukame, bei ya mafuta na vita vya Kagera navyo vilichangia. Wengi wakaamua kuuza kwa magendo. Msimu wa 1983/84 NMC ilipata tani kama 71,000 tu. Sheria ya 1982 ilirudisha vyama vikuu, lakini vilirudi kwa amri kutoka juu, na mara nyingi mkulima aliondoka kituoni na karatasi badala ya fedha.

Miaka ya 1990 biashara ikaachiwa huru, na ruzuku ya mbolea ikaondolewa kidogo kidogo. Mnunuzi binafsi alikuja na fedha mkononi, hilo tusilikatae. Ila alikuja pia na lumbesa, na mbolea ikawa ghali mno kwa walio mbali. Ndiyo maana kuanzia 2008 zikatolewa vocha za mbolea na mbegu zilizotosha ekari moja. Zilisaidia, lakini sehemu nyingine zilifika wakati mahindi yamekwisha ota. Msimu wa 2007/08 stakabadhi ghalani ilianza kwa korosho Mtwara. Mwezi Aprili 2013, huko Liwale, malipo yalipokuja pungufu ya waliyotarajia wakulima, ghasia zilizuka na nyumba zikachomwa. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei nzuri kabisa, lakini wengi wakasubiri fedha hadi mwaka uliofuata. Tarehe 8 Agosti 2022, pale Mbeya, ruzuku ya mbolea ilizinduliwa upya, safari hii kwa kuandikisha wakulima.

Ndugu mkulima, tazama tulipojikwaa. Bei nzuri tumewahi kuwa nayo, na ruzuku pia. Tulichokosa mara kwa mara ni tarehe.

Tuseme umeuza magunia 20 mwezi wa nane, ukalipwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa kumi na moja mvua imeanza, unataka mbolea, huna senti. Unakopa kwa jirani mwenye uwezo, naye anataka gunia mbili kwa kila moja. Hapo bei ya serikali imekwisha kuliwa kabla hujaishika.

Kwa hiyo napendekeza sera mpya iwe na mambo manne, na yaandikwe katika sheria kwa mazao yote:

1. Bei ya chini itangazwe kabla ya kupanda, si wakati wa kuvuna.

2. Mbolea na mbegu za ruzuku ziwe ghala la kijiji mwezi mmoja kabla ya mvua za eneo lile.

3. Anayenunua zao alipe ndani ya siku 14. Akichelewa, aongeze fedha kwa kila wiki inayopita, awe ni bodi, chama au mtu binafsi.

4. Makato yote yasomwe mbele ya wanachama kabla ya msimu, na wanachama wachague wenyewe msimamizi wa mizani.

Najua fedha za serikali hazitoshi kila kitu. Basi ni afadhali iahidi kidogo na ilipe kwa siku yake, kuliko kuahidi kingi na mkulima akabaki na karatasi.

Mwaka 1975 wazee wetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kujadili "Chakula ni Uhai". Nanyi kaeni, mjadili haya, majibu yaandikwe na kupelekwa serikali ya kijiji:

Msimu uliopita, zilipita siku ngapi kati ya kuuza na kulipwa?

Mbolea ilifika kabla ya mvua au baada?

Ni makato gani mliyokatwa bila kuelezwa?