Milango ya Usiku: Dar es Salaam kwa Hoteli na Kumbi Zake

Boma la Kale, linalotazamana na boti za Zanzibar pale Sokoine Drive, ni miongoni mwa nyumba kongwe kabisa zilizobaki Dar es Salaam. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe, na mlango wake ni wa mbao zilizonakshiwa kwa ufundi wa Kizanzibari. Wengi wetu tunaopita hapo na mwendokasi asubuhi na jioni hudhani lilijengwa kuwa ngome au gereza. Sivyo. Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alilijenga katika miaka ya 1860 ili wageni wake wapate pa kulala, jirani na kasri yake mwenyewe. Mwezi Septemba 1867 alifanya karamu kubwa katika mji huo mpya, akawaalika mabalozi wadogo wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani. Kasri imekwisha kutoweka, nyumba ya wageni ipo.

Basi mji huu umeanza na malazi na karamu. Kabla ya Majid palikuwa na kijiji cha wavuvi, Mzizima, na wenyeji wake hawakuhesabiwa katika orodha ya waalikwa wa karamu ile. Nani anakaribishwa na nani anasimama nje: kwangu mimi hilo ndilo swali linalofungua historia ya Dar es Salaam kuliko majina ya magavana. Ukitaka kulijibu usianzie Ikulu. Fuata milango ya hoteli, kumbi za dansi na majumba ya sinema.

Majid alifariki mwaka 1870, na mdogo wake Barghash hakuwa na hamu na mji wa kaka yake. Majumba yakaachwa, mengine yakabomoka. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo, na mji ukaanza kujengwa upya kwa ajili yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa na hoteli yao ya fahari, Kaiserhof, hatua chache kutoka kanisa lao la Kilutheri lililo mbele ya bandari. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliiondoa sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, na mwaka 1927 mahali pake pakawekwa sanamu ya Askari tunayoijua. Kaiserhof nayo ikapewa jina jipya: New Africa Hotel.

Hiyo Afrika mpya ya kwenye kibao haikuwa na nafasi kwa Waafrika. Mwafrika aliyeonekana barazani pa hoteli hiyo alikuwa mhudumu aliyebeba sinia. Mbele ya bahari palikuwa pia na klabu ya Wazungu, na humo rangi ndiyo iliyokuwa kadi ya uanachama. Mpango wa mji wenyewe ulifuata mkondo huo huo: Uzunguni upande wa bahari wenye upepo na miti, Uhindini katikati kwenye maduka, na Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi makusudi ili watu wasichanganyike. Ng'ambo hiyo ndiko Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa kijeshi wa Vita Kuu ya Kwanza.

Waliofungiwa nje ya milango ya pwani walifungua ya kwao. Baada ya vita hiyo ngoma za beni zilitamba mjini, vikundi vya Marini na Arinoti vikishindana kwa sare, vyeo na gwaride la kuiga jeshi. Miaka ya 1930 dansi ilikwisha shika mizizi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Vilabu vya taarabu vya Egyptian na Al-Watan navyo vikajenga utani wa jadi, kila kimoja na mashabiki wake wa damu. Vilabu hivi vilikuwa na zaidi ya muziki. Vilikuwa na wenyeviti, makatibu, michango ya mwezi, na utaratibu wa kuzikana na kutunzana kwenye harusi. Mtu aliyetoka Rufiji, Uzaramo au Kilwa akiwa hana ndugu mjini aliupata udugu wake humo.

Umuhimu wa vilabu hivyo ulionekana mwaka 1955. TANU ilikuwa na mwaka mmoja tu, na wanawake katika chama walikuwa wachache mno. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na lelemama. Wakinamama hao walikuwa na watu wao tayari, wanajuana nyumba hadi nyumba, na wamezoea kuitana na kuchanga. Wanawake wakajiunga kwa maelfu. Vitabu vya shule vinasimulia uhuru kwa mikutano ya viwanjani na safari za Umoja wa Mataifa. Kwa upande wa Dar es Salaam naona ni haki kusema kwamba uhuru ulipitia kwanza ngomani.

Upande wa Mnazi Mmoja lipo jengo ambalo wenyeji tunaliita Anatoglo. Jina lake kamili ni Arnautoglu, la tajiri wa mkonge mwenye asili ya Kigiriki aliyetoa fedha za kulijenga, na lilifunguliwa mwaka 1952. Serikali ya kikoloni ilikusudia liwe mahali pa kuwafundisha Waafrika ustaarabu kwa namna ilivyoutaka yenyewe. Wenyeji waliligeuza: dansi, harusi, mikutano, semina, hitima. Nikiulizwa ni jengo gani la mjini lililobeba maisha ya watu wengi zaidi wa hali zote, nitalitaja hilo kabla ya Karimjee, pamoja na heshima yote ya Karimjee kama ukumbi wa bunge la kwanza.

Uhuru ulipofika mwaka 1961 milango ya pwani ikafunguka, na kilichoingia kilishangaza ulimwengu. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Mwaka uliofuata Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliweka makao yake hapa hapa. Baraza ya New Africa, ile ile ya wahudumu wenye masinia, ikawa mahali ambapo wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Rhodesia na Angola walikaa meza moja na waandishi wa habari, wanabalozi na majasusi, kila mmoja akitega sikio. Mwandishi wa Poland Ryszard Kapuściński aliiandika baraza hiyo katika kumbukumbu zake. Malcolm X alipita mjini mwaka 1964. Na haikuwa mazungumzo ya kahawa tu: tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa katika nyumba moja ya Oyster Bay kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Jengo lile la Kijerumani lilikuja kuvunjwa, na New Africa ya leo imejengwa papo hapo. Klabu ya Wazungu iligeuzwa kuwa Forodhani, chuo na hoteli ya kufundishia kazi za hoteli, na baadaye ikawa Mahakama ya Rufani.

Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa mwaka 1965, ndefu na nyeupe. Kwa taifa changa ilikuwa tangazo kwamba sisi pia tunaweza kupokea wageni wa heshima. Lakini kwa vijana wa miaka iliyofuata jina lililong'aa lilikuwa Simba Grill, ukumbi wake wa muziki. Huko na katika kumbi nyingine za mjini zilipiga bendi za magitaa ya umeme zilizofuata soul na rock, na alasiri za Jumapili palikuwa na bugi, dansi ya wanafunzi iliyomalizika mapema ili watoto wa watu wawahi nyumbani. Serikali haikufurahi. Operesheni Vijana ilitangazwa mwaka 1968 dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, na mwaka 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku mjini. Vijana waliendelea kucheza. Mmoja wa wanamuziki wa kizazi hicho, Patrick Balisidya, na bendi yake ya Afro 70, ndiye aliyekwenda kuiwakilisha Tanzania Lagos mwaka 1977 katika tamasha kubwa la sanaa za Waafrika.

Kitu ambacho mgeni hukiona kigumu kuelewa ni nani aliyekuwa na bendi enzi hizo. Magitaa, vipaza sauti na tarumbeta viliagizwa nje, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mtu binafsi hakuweza. Kwa hiyo bendi zikawa mali ya mashirika. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima, UDA Jazz ya mabasi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, na polisi na majeshi nao walikuwa na za kwao. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Wapo wanaosema mfumo huo uliwadumaza wanamuziki, kwani vyombo na kazi zao havikuwa vyao, na hilo ni kweli. Lakini ulilipa jiji kitu ambacho halijapata tena: bendi kubwa za watu kumi na zaidi, zinazofanya mazoezi mchana na kupiga usiku, katika kumbi ambazo kibarua wa bandarini aliweza kulipia kiingilio.

Mwaka 1978 Muhidin Maalim Gurumo na wenzake walitoka Msondo, jina ambalo NUTA ilikwisha zoeleka nalo, wakaanzisha Mlimani Park. Michael Enoch, aliyewahi kuiongoza Dar Jazz, akawa mpangaji wa muziki wao. Baadaye bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na ikatia nanga DDC Kariakoo kwa mtindo wake wa Sikinde. Waliokulia mjini wanaujua usiku wa pale. Bendi inaanza kwa vipande vya ala peke yake, viti vinajaa polepole, waimbaji wanapanda wakiwa wamevaa sare. Wimbo unatambaa beti kwa beti, kisa cha ndoa au cha mjomba asiyelipa deni, watu wanasikiliza kama wako barazani. Kisha magitaa yanabadilika, tarumbeta zinajibu, chemko inaingia, na sakafu yote inasimama. Mama mmoja anakwenda jukwaani taratibu, anambandika mwimbaji noti kwenye kipaji, na kila mtu anajua beti lile limemgusa yeye. Mabishano ya Msondo na Sikinde yaligawa mitaa na nyumba kama Simba na Yanga zinavyofanya.

Remmy Ongala naye aliingia mjini mwaka huo huo wa 1978, akitokea Kongo, akapiga na bendi ya Makassy kabla ya kujulikana na Super Matimila. Aliishi Sinza. Hadi leo kondakta wa daladala anaita "Kwa Remmy!" na abiria anashuka, akiwa pengine amezaliwa baada ya nyimbo hizo kuvuma.

Sinema zilikuwa na ulimwengu wao: Empire, Empress, Avalon, Odeon, Chox, Cameo. Wamiliki walikuwa zaidi Wahindi, lakini Jumapili foleni ilikuwa ya kila kabila, familia nzima imevaa na kujitia uturi kwa ajili ya filamu ya Kihindi, na walanguzi wa tiketi wamejipanga pembeni. Kulikuwa na sinema ya wazi kwa wenye magari, Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, ndiyo maana kiti cha sinema kilikuwa na thamani kubwa namna hiyo. Video zilianza kulegeza kamba, televisheni ikaikata. Baada ya mlipuko wa bomu wa tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulitafuta mahali pengine, ukajengwa pale pale palipokuwa Drive-In.

Jiji halijaacha kucheza. Bongo Fleva ilizaliwa na vijana wa mitaa ya kila hali, na singeli ilitoka Manzese na Tandale, vyombo vichache na kasi ya ajabu, kwenye shughuli za uchochoroni zisizo na mlango wala kiingilio. Nawaheshimu vijana wa singeli kwa jambo hilo. Wamefanya walichofanya wazee wa beni, wakajifungulia wenyewe.

Linalonisikitisha ni namna tunavyoitunza historia hii. Majengo ya utawala na ibada yana ulinzi wa sheria na vibao vya maelezo. Sinema imegeuka maduka, ukumbi wa dansi umekuwa maegesho, na hakuna hata bango dogo la kusema hapa watu walikuwa wakifanya nini. Boma la Kale limekarabatiwa na lina maonyesho ya historia ya majengo ya jiji, kazi nzuri inayostahili pongezi. Lakini historia ya usiku bado imo kwenye masanduku ya majumbani: picha za bendi, tiketi, kadi za vilabu vya taarabu, sare iliyokunjwa ya mwimbaji aliyekwisha kufa. Kama umerithi vitu hivyo, usivitupe wakati wa kuhama nyumba. Andika nyuma ya picha majina ya waliomo na ukumbi, kisha vipeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Na kama mzee wako alipiga gitaa, aliimba taarabu au aliuza tiketi za sinema, mrekodi akiwa bado anakumbuka.