Mshindo Uliopita Juu ya Arua na Koboko

Ninyi mliopata kukesha zamu katika njia ya Arua kwenda Koboko mwajua jinsi radi ya ng'ambo ya mpaka inavyoweza kudhaniwa kuwa mzinga. Mwaka 1883 afisa mmoja wa polisi alisikia jambo la namna hiyo, na maandishi yake yakawafaa wataalamu wa dunia nzima.

James Wallis alikuwa mkuu wa polisi wa kisiwa cha Rodrigues, katika Bahari ya Hindi. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Agosti, na mchana wake, ilisikika kutoka mashariki ngurumo kama ya mizinga mikubwa iliyo mbali. Kumbe ulikuwa ni mlima Krakatoa wa Indonesia ukilipuka, umbali wa kilomita zipatazo 4,800. Sauti ilichukua muda wa saa nne hivi kufika. Wallis hakujua habari za mlima. Aliandika sauti ilivyokuwa, upande ilikotoka, na nafasi iliyopita kati ya mshindo na mshindo.

Mbali zaidi sikio halikusikia kitu, lakini barometa zilishtuka. Wataalamu walipolinganisha nyakati za vituo vingi, waligundua kuwa wimbi lile liliizunguka dunia zaidi ya mara tatu, likienda mita zaidi ya 300 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo lilipita juu ya Arua na Koboko baada ya muda wa saa saba na nusu hivi, pasipo mtu kuinua kichwa.

Lipo jambo jingine linalowahusu askari hasa. Juu sana angani, kilomita 40 hadi 50, hewa ina joto kuliko iliyo chini yake, nayo huikunja sauti irudi ardhini. Hivyo kituo cha karibu chaweza kuandika "kimya" na cha mbali kikaandika "mshindo", na wote wawili wakawa wakweli. Mkubwa wa zamu asiharakishe kumwadhibu mmoja wao.

Leo kazi hiyo hufanywa na mitambo inayonasa mawimbi mazito yasiyosikika, chini ya mkataba wa mwaka 1996 wa kupiga marufuku majaribio ya mabomu ya nyuklia. Uganda iliuridhia mwaka 2001. Kituo kimojawapo kiko Kenya. Hunga Tonga ilipolipuka tarehe 15 Januari 2022, vituo vyote 53 vilivyokuwa kazini vilinasa mawimbi yake.