Tabakelo, Mkebe na Kichupa

Kamusi za Kiswahili zimehifadhi neno ambalo kijana wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, leo hawezi kulitambua: tabakelo. Ni kikebe kidogo chenye kifuniko, cha kutilia ugoro. Jina lake, kama meza na leso, lilitoka kwa Wareno, waliofika pwani hii mwishoni mwa karne ya 15. Tumbaku yenyewe asili yake ni Amerika, ikasambazwa duniani kwa merikebu. Waswahili waliipokea, na mapema wakagundua kwamba ugoro ukiachwa wazi siku chache tu karibu na bahari, harufu inaruka, unga unavuta unyevu na kushikana mabonge. Kifuniko cha tabakelo kilipaswa kubana sawasawa, la sivyo kikebe kilikuwa pambo tu.

Mwingereza Richard Burton, aliyepita pwani hii kabla ya safari yake ya Tanganyika ya mwaka 1857, aliandika kuhusu tumbaku ya Usambara iliyokuwa ikipelekwa Unguja. Ilitwangwa kwenye vinu vya mti, ikafinyangwa kuwa vipande vyembamba vya mviringo, kisha ikafungwa nadhifu kwa majani ya mgomba. Aliyebuni kifurushi hicho alijua kazi yake. Tumbaku iliyotwangwa na kugandamizwa huacha nafasi ndogo ya hewa kupita ndani, na jani la mgomba huikinga isikaukie njiani.

Dar es Salaam wakati huo haikuwa mji. Sultani Majid bin Said alianza kuujenga katika miaka ya 1860, na mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia hapo makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Wakaugawa mji: wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati kwenye maduka, na Waafrika ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Upande huo wa mwisho ndio ulikuja kuitwa Kariakoo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walikiweka hapo kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao. Jengo la soko ambalo Wajerumani walilianzisha lilianza kutumika kama soko mwaka 1923.

Reli ya Kati ilikuwa imekwisha kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo tumbaku ya bara sasa ilishuka pwani kwa siku chache badala ya miezi ya msafara. Lakini safari hiyo fupi ilikuja na kisa chake. Jani la tumbaku ni kama sifongo. Huko Tabora, wakati wa kiangazi, hukauka hadi likasagika mkononi, ndiyo maana mkulima husubiri lilegee kwa umande kabla ya kulishika na kulifunga. Likifika Dar es Salaam halihitaji umande: hewa ya bahari hulilegeza hata likiwa ndani ya gunia. Likikaa mno kwenye sakafu ya chumba kisicho na dirisha, linaota ukungu, na harufu ya ukungu haiondoki hata jani likianikwa upya.

Tumbaku ya moshi, ile iliyokaushwa juu ya moto, ilivumilia zaidi. Wangoni wa Songea walikuwa wakiilima katika miaka ya 1930, na chama chao cha ushirika, NGOMATI, kilichowaunganisha na Wamatengo wakulima wa kahawa, kikaanzishwa mwaka 1936. Kwa watengenezaji wa ugoro jani la aina hiyo, jeusi na kali, lilifaa. Hukaushwa tena, likasagwa na kuchanganywa na magadi. Watumiaji husema magadi huupa ugoro ukali, na wako sahihi: huifungua nikotini iingie mwilini haraka. Ila unga uliokwisha kutiwa magadi hauna subira. Kwa sababu hiyo wauzaji husaga kidogo kidogo, wakafunga vipimo vidogo kwenye karatasi, na siku hizi kwenye nailoni.

Kwa sigara, jawabu la mwanzo lilikuwa bati. Makampuni ya Uingereza yaliyouza kwenye makoloni ya joto yalifunga sigara 50 ndani ya mkebe wa mviringo uliozibwa pasiingie hewa kabisa, na mnunuzi aliutoboa kwa jino dogo lililokuwa kwenye kifuniko. Mkebe ulifaa hasa kwa mwenye uwezo wa kununua sigara hamsini kwa mpigo. Kwa mpagazi au kuli wa bandarini faida yake ilikuja baadaye, ulipokuwa mtupu: mikebe ya bati katika mji huu ilikuwa vibatari, vipimo vya karanga, na bila shaka tabakelo za wasioweza kununua tabakelo.

Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, kiwanda cha sigara kilianza kazi Dar es Salaam. Serikali ilikitaifisha mwaka 1975, na Kampuni ya Sigara Tanzania ikawa mali ya umma hadi ilipobinafsishwa mwaka 1995. Kiwanda kuwa Chang'ombe, umbali mfupi tu na Kariakoo, kulibadilisha suala zima la kutunza. Sigara za Sportsman na Embassy hazikuhitaji tena mkebe wa kuvuka bahari. Pakiti ya karatasi, karatasi ya fedha ndani na ngozi nyembamba inayong'aa nje vilitosha, kwa kuwa sigara ilikuwa inavutwa wiki chache tu baada ya kutoka mashineni.

Isipokuwa pale bidhaa zilipoadimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka yalikuwa matupu, na mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine akiwa mstari wa mbele, ilianza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Ghafla kuwa na akiba ya bidhaa stoo kukawa ushahidi dhidi yako. Wafanyabiashara wengine walitupa mali usiku ili wasikutwe nayo. Labda hakuna kipindi kingine katika historia ya mji huu ambapo uhifadhi wa bidhaa ulikuwa wa hatari kiasi hicho, na hatari yenyewe haikuwa ukungu.

Baada ya biashara kufunguliwa walikuja machinga, na sigara ya rejareja ikapata sura yake ya sasa: mtu na kijisanduku chenye pakiti zilizofunguliwa, peremende, karanga na kiberiti, akichezesha sarafu kiganjani ili wateja wamsikie kabla hawajamwona. Anauza moja moja. Kwa nadharia huo ndio utunzaji mbaya kuliko wote, maana pakiti iko wazi, juani, katikati ya vumbi la Mtaa wa Msimbazi. Kwa vitendo sigara zinaisha kabla ya jua kuzifanya lolote. Mwendo wa biashara ndio kifuniko chake.

Soko la Kariakoo lenyewe lilijengwa kwa fikra ya namna hiyo. Beda Amuli, mzaliwa wa Masasi na mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo Afrika Mashariki, alichora jengo lake jipya lililofunguliwa mwaka 1975: paa la zege lenye umbo la miavuli, linalotoa kivuli, kupitisha upepo na kukusanya maji ya mvua, na chini yake ghorofa ya ardhini, Shimoni, ambako mizigo ya jumla ilikaa mbali na jua. Moto wa Julai 2021 uliliunguza jengo hilo. Chochote kitakachosemwa kuhusu msongamano wake, Amuli alielewa kwamba jijini hapa kivuli na hewa ndiyo friji ya watu wengi.

Shisha ilipoenea kwenye kumbi za starehe za jiji, ilikuwa sura mpya ya kitu cha kale; kiko cha maji, chenye digali na buruma, kina majina ya Kiswahili tangu zamani. Kigeni kilikuwa kile kinachotiwa ndani: tumbaku iliyolowekwa kwenye molasi na gliserini pamoja na ladha za matunda. Gliserini hushika maji, kwa hiyo tumbaku hiyo haikauki upesi. Mwaka 2016 Mkuu wa Mkoa, Paul Makonda, aliipiga shisha marufuku jijini.

Gliserini hiyohiyo ndiyo inayobeba kimiminika cha sigara za kielektroniki, vepu, ambazo Mchina Hon Lik, mfamasia, alizibuni mwaka 2003. Ndani ya kichupa mna gliserini, propilini glaikoli, ladha, na mara nyingi nikotini, jani halimo. Kwa hiyo unyevu, adui wa karne nyingi, amepungua nguvu. Waliobaki ni joto, mwanga na hewa. Nikotini ikikutana na hewa hubadilika, kimiminika kikageuka rangi kuelekea kahawia, ladha ikapooza. Watengenezaji huagiza kifungwe vizuri na kuwekwa gizani penye ubaridi, tena mbali na watoto, kwa kuwa nikotini ni sumu na hupenya ngozini. Hapo hakuna jambo geni kwa wakulima: maji ya tumbaku yalitumika kuua wadudu shambani muda mrefu kabla ya vichupa hivi.

Dar es Salaam ya Februari, nyuzi 30 na zaidi, si mahali pa ubaridi. Kabati la kioo linaloelekea barabarani, linalopendwa na wauza simu na vikorokoro vyake kwa kuwa linaonyesha mali, kwa vichupa ni kikaango. Na vepu za kutupwa, zilizokwisha kujazwa kiwandani, zimefungwa kabisa. Mnunuzi haoni rangi wala hapati kunusa.

Kwa muuza ugoro bado mambo ni tofauti. Bibi anayekuja kununua hapokei kifurushi kilichofungwa tayari. Anaomba kifunguliwe, anachota kwa ncha ya vidole, anausugua ugoro kusikia kama umelowa, anaupeleka puani. Kama umelala, anasema umelala, na muuzaji anainama kutoa kopo lingine chini ya meza.